Kreolini ya Jumatatu

Kreolini ilimwagwa kila Jumatatu, ili Dokta akija Jumanne pua yake isikutane na kitu. Hiyo ndiyo sababu, na mtu asinitafutie nyingine. Damascène, msimamizi wa usafi wa hospitali yetu, alikuwa anabeba debe la dawa ile nyeusi ya kuua wadudu, anafunua kifuniko cha zege nyuma ya chumba cha kufulia, anamwaga mpaka tone la mwisho. Halafu anakung'uta mikono na kwenda kutafuta kofia yake.

Chumba cha kufulia kilikuwa changu. Mimi ni Mukarugwiza, watu wananiita Mama Fideli. Mwaka ule wa 1957 nilikuwa na miaka miwili ya ujane na minne ya kufua mashuka ya hospitali hiyo ndogo, vitanda ishirini na vinne, juu ya barabara iendayo Rubona. Nilisoma madarasa manne kwa Masera, ndivyo tunavyowaita watawa, nikajua kusoma, kuandika na kufuata Misa kitabuni. Kiswahili nilikipata kwa baba, aliyewabebea wachuuzi mizigo mpaka Goma. Basi si mtu wa shule nyingi. Lakini macho ninayo, na pua pia.

Chini ya kifuniko kile kulikuwa na shimo. Wazungu waliliita fosi. Lilikuwa na vyumba viwili vya mawe meusi na saruji, kila kimoja na kifuniko chake. Maji yote machafu ya hospitali yaliingia humo: ya vyoo, ya kuoshea vidonda, ya mashuka yangu yenye damu. Katika chumba cha kwanza uchafu mzito ulizama, mwepesi ukaelea ukafanya ganda kama la uji uliolala. Maji yaliyotulia yalivuka kwenda chumba cha pili, kisha yakaingia taratibu ardhini. Najua kwa sababu aliyelijenga ni mume wangu, Mbonigaba mwashi.

Alinieleza siku moja tukiwa uani, anatengeneza pombe ya ndizi kwenye umuvure, ule mtumbwi wa mti wa kukamulia.

"Nikiosha hii umuvure na sabuni, pombe itaumuka?" aliniuliza.

"Haiwezi."

"Na ile shimo ya hospitali iko vile vile. Iko na chachu yake. Inakula uchafu pole pole, njo maji inatoka imetulia. Mutu akitia dawa kali mule ndani, chachu inakufa. Na uchafu itapita nzima-nzima."

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tukitoka kukomunika kanisani, alikuwa anafunua kifuniko na kuzamisha chuma kirefu alichokizungushia kitambaa cheupe. Matope yalipogusa kitambaa alipima kwa ngumi ni marefu kiasi gani. Yalipofika ngumi nne aliomba watu waje wachote. Halafu homa ya mapafu ikamchukua. Hakuna aliyewekwa mahali pake. Chuma kikabaki kwangu, nyuma ya mlango, nikawa napima mimi.

Damascène alikuja baada ya hapo, kutoka shule ya usafi, na karatasi ya shahada ndani ya fremu. Alikuwa kijana msafi kweli, soksi nyeupe mpaka gotini. Harufu ya shimo ilimwudhi. Jumanne moja Dokta alikunja pua akipita pale, na Jumatatu iliyofuata debe la kwanza likamwagwa. Harufu ikaisha. Dokta akamsifu.

Mimi niliendelea na Ijumaa zangu za kwanza. Mwezi wa pili wa kreolini ganda la juu lilikuwa limekatika vipande, mwezi wa tatu halipo kabisa. Matope ngumi tano. Mwezi wa nne ngumi saba, karibu na bomba la kuvukia, na maji ya chumba cha pili yalikuwa meusi yenye mapande. Nilimfuata Damascène pale alipokuwa anapanga vidumu vyake.

"Bwana Damascène, ile shimo imekufa."

Alicheka. "Mama Fideli, shimo inakufaka? Utaiita padri ije kuizika?"

"Kreolini imeua chachu yake. Uchafu iko napita."

"Chachu." Aligeukia wauguzi wawili waliokuwa wanapita. "Musikie, Mama anapika pombe ndani ya choo ya serikali." Wakacheka pamoja naye. Halafu akanishika bega kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. "Mama, dawa ni dawa. Inaua microbe. Mi nilisoma ile mambo. We fua."

Nikaenda kufua.

Chini ya hospitali, kati ya miamba ya lava, kuna chemchemi inayotoka hatua chache tu kabla ya ziwa. Wanawake wa upande ule wote walichota hapo. Na mtu asiyekaa kwetu lazima aelewe jambo moja. Karibu na Rubona maji ya moto yanatoka ardhini, tunayaita amashyuza. Yananuka kidogo, na watu wanatoka hata Mahoko kuja kuloweka miguu yenye maumivu na kuyanywa. Kwetu, maji yanayotoka mwambani na harufu hayamtishi mtu. Ni zawadi.

Basi chemchemi ilipoanza kunuka kreolini, Jumatatu alasiri na Jumanne nzima, hakuna aliyeogopa. Nyirabahire muuza samaki, mama wa rika langu mwenye sauti ya kuita mitumbwi, alinisimamisha njiani na mtungi kichwani.

"Mama Fideli, umesikia? Mungu ametupatia amashyuza ya pili. Hii haina moto lakini iko na dawa."

"Nani alisema iko na dawa?"

"Damascène mwenyewe. Tulimuuliza hii harufu ni nini. Akasema, ni dawa ya hospitali." Alicheka kwa furaha. "Na bila kupanga musururu."

Damascène hakudanganya hata neno moja. Ni dawa, na ni ya hospitali. Kwetu dawa ya kuponya mtu na dawa ya kuua wadudu ina jina moja, na yeye alilijua hilo kama mimi. Aliwaona wanashangilia, akavaa kofia akaondoka.

Nikamwambia Nyirabahire asinywe. Akaniangalia kama mtu anayemnyima mwenzake chumvi.

Mvua za Aprili zilikuja na kuhara damu. Walianza watoto wa chini, Rubona na pale kwenye miamba. Hitimana mvuvi alizika wawili katika juma moja, nami nikafua shuka walizofia. Damascène alikuwa na jibu kabla hajaulizwa. Alimwambia Dokta kwamba wauza samaki wanaosha samaki chemchemini, matumbo yanaoza pale, ndiyo ugonjwa. Wakashuka na askari wawili. Vikapu vikapinduliwa, samaki wakakanyagwa, na wanawake wakaambiwa mbele ya watu wote kwamba wao ni wachafu na wanaua watoto wao wenyewe. Nyirabahire alisimama pale na magamba mikononi. Hakusema kitu, yeye ambaye sauti yake inavuka ghuba.

Juma lililofuata alipanda hospitalini na mjukuu wake mgongoni, Mukashyaka, mtoto wa miaka mitatu ambaye mama yake alifia uzazi. Hana mwingine duniani. Mtoto alikuwa amekauka midomo, macho yameingia ndani. Masera Godeliva, mtawa aliyesimamia wodi, alimpa kitanda cha karibu na dirisha, akaagiza maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, kila wakati.

Siku mbili mtoto alipata nafuu. Siku ya tatu akarudi chini. Ya nne akawa vibaya zaidi. Masera alikuwa haelewi. Mimi nilikuja kubadilisha shuka, nikainama, nikanusa. Mdomo wa mtoto ulinuka kreolini.

Nilifunua kitenge cha Nyirabahire kilichokuwa chini ya kitanda. Chupa ya maji ya chemchemi, nusu yake imekwisha.

"Acha," Nyirabahire alisema.

"Nyirabahire, hii inamuua mutoto."

"Ni dawa. Hapa wanamupa maji ya bure, maji haina kitu, haina hata harufu. Mi namupa ya nguvu."

"Ni maji ya choo. Inatoka hapa juu, kwa shimo. Ile shimo ni mi napimaka."

Aliirudisha chupa kwenye kitenge, pole pole, akakaza fundo. "Damascène amesoma," alisema. "We unafua. Walinipindulia kikapu mukiangalia, na leo unataka kunyanganya na hii?"

Nilimpelekea Masera habari, akamkataza Nyirabahire, lakini chupa ikaendelea kwa siri; na Jumanne Masera akanisimamisha mbele ya Dokta. Alinisikiliza akiwa anaandika. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na haraka.

"Mama, shimo ni mbali na chemchemi. Maji inapita katika mawe, inasafishwa. Unaelewa?"

"Ile mawe ni ya volkano, Dokta. Iko na matundu kama mukate."

"Uliona maji ikipita?"

Sikuwa nimeona. Damascène, aliyesimama nyuma yake, alinikonyeza jicho.

Usiniulize hasira ilinikaa wapi. Nilisali rozari nzima nikifua, na hata kwenye Salamu Maria nilikuwa naliona lile jicho. Lakini swali la Dokta lilikuwa swali zuri. Uliona? Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa ya samawati mpaka kwenye vifundo, kwa sababu ilikuwa siku ya kusuuza mashuka na buluu, ile ya vidonge inayofanya nguo nyeupe ing'ae. Nikasimama, maji yananidondoka.

Jumamosi nilikwenda Mbugangari, dukani kwa Muhamadi. Sikutaka kugusa buluu ya hospitali, hiyo ingekuwa wizi na ningelazimika kuipeleka kitubioni. Nilinunua yangu.

"Yote?" Muhamadi aliuliza, mkono uko ndani ya sanduku.

"Yote."

"Mama Fideli, unataka kupaka ziwa rangi?"

"Ziwa iko na rangi yake. Mi nataka kuona njia ya maji."

Akafunga bila kuuliza tena. Mfanyabiashara mwenye adabu.

Nilikuwa nimeshapima muda. Jumatatu ile Damascène alimwaga debe kengele ya Malaika wa Bwana ikilia saa sita, na harufu ikafika chemchemini karibu saa tisa. Saa tatu za kusafiri. Jumanne, nilipotoka Misa ya asubuhi, saa moja, nilifunua kifuniko cha chumba cha pili, nikamimina ndoo mbili za buluu nzito kama wino, na ndoo sita za maji ya kusuuzia nyuma yake. Nikamwambia Masera Godeliva: "Saa nne, mwambie Dokta ashuke chemchemini. Asipokuta kitu, munifukuze." Alinitazama mikono, halafu uso. Akasema atamwambia.

Nikashuka nikakaa juu ya jiwe la chemchemi. Kwa sababu nilijua kitu ambacho hata buluu haikunisahaulisha: wanawake wangeitaka.

Na ndivyo ilivyokuwa. Saa nne kasoro, maji yalianza kubadilika, kwanza kama kivuli, halafu uzi wa samawati, halafu yote. Mukagatare, mke wa mshonaji, ndiye aliyeona wa kwanza.

"Mana yanjye, Mungu wangu. Angalia. Wametia ingine."

"Dawa mupya," alisema mwingine nyuma yake.

Wakatua mitungi. Nilipanua magoti nikaziba mdomo wa chemchemi kwa sketi yangu, maji yakanilowesha mpaka kiunoni.

"Hakuna kuchota."

"Mama Fideli, we umekuwa askari?"

"Anataka kufulia," mmoja alisema, wakacheka. "Dawa yote aende kufulia kaniki zake."

Nyirabahire akaja akiwasukuma, na ile chupa mkononi. Hakucheka. Alisimama mbele yangu, karibu hata nikaona alivyokuwa hajalala siku nyingi.

"Ondoka."

"Sitaondoka."

"Mutoto anakwisha, Mama Fideli. Nakuomba. Hii ya bulé labda iko na nguvu kuliko ile."

"Hii ya bulé ni yangu," nilimwambia. "Angalia mikono yangu. Ni buluu ya nguo. Niliitia asubuhi kwa shimo ya choo ya hospitali, na sasa iko hapa. Unaelewa njia ilipita?"

Aliangalia mikono. Aliangalia maji. Sijui kama aliamini, lakini hakusogea mbele tena.

Dokta akafika, na Damascène nyuma yake akichagua mahali pa kuweka viatu. Dokta aliona maji, akachuchumaa, akachovya kidole.

"Nani ametia rangi hapa?"

"Mimi, Dokta. Lakini si hapa. Nimeitia kwa fosi yako, baada ya Misa."

Dokta aligeuza kichwa akaangalia juu, kwenye ukuta mweupe wa hospitali, akashusha macho jiwe kwa jiwe mpaka kidoleni kwake. Damascène akaanza kusema kitu kwa Kifaransa, haraka haraka. Dokta akasema "Tais-toi," na hata wasiojua Kifaransa walielewa kwamba ameambiwa anyamaze.

Walipanda, wakafunua vifuniko vyote viwili. Nilileta chuma cha Mbonigaba. Ngumi tisa. Dokta alishika kitambaa kile cheusi akakinusa, na safari hii hakukunja pua. Aliamuru kreolini isiingie tena humo, shimo lichotwe, wodi yote ipewe maji ya kuchemshwa tu, na chemchemi izungushiwe seng'enge. Halafu akaniambia, "Mama, hata hivyo umefanya vibaya kutia rangi bila ruhusa."

Niliitika. Nilikuwa nimelowa, na watoto wawili wa Hitimana walikuwa chini ya udongo. Na mwenye kosa la ruhusa ni mimi.

Jumatano seng'enge ikawekwa. Jumatano jioni wanawake wakapita upande wa ziwa, wakachota. Niliwaona kutoka uani. Kwao hospitali ilikuwa imefungia dawa yake, basi. Na chini ya kitanda cha Mukashyaka chupa ilikuwepo bado, maana Nyirabahire aliona rangi, lakini masikioni mwake lilikuwa bado neno la aliyesoma. Alhamisi asubuhi mtoto hakuweza kuinua kichwa.

Nilikwenda kwa Masera, nikaweka sabuni mezani pake.

"Sitafua hata shuka moja," nilimwambia, "mpaka Damascène ashuke kuwaambia yeye mwenyewe. Neno alilitoa yeye. Arudi alichukue."

"Mama Fideli, unaweza kupoteza kazi."

"Najua, Masera."

Alhamisi mashuka yakafika kiunoni, Ijumaa asubuhi yakafika mlangoni. Ijumaa saa tatu Damascène alishuka kwa wanawake waliokuwa wanachota, soksi nyeupe, kofia. Masera alimfuata. Mimi nilimwita Nyirabahire kutoka wodini, akaja na kitenge chake.

Damascène alikohoa. "Bon. Donc. Wamama, napenda kuwajulisha kwamba maji ya hapa, kwa sasa, haifai kwa matumizi, kwa sababu ya mambo ya usafi."

Wanawake wakaangaliana. "Anasema nini?" Mukagatare aliuliza.

"Anasema dawa imekwisha nguvu," mwingine akamjibu.

"Bwana Damascène," nilisema, "sema ile neno."

"Neno gani?"

"Ile ya nyumbani. Ile mama yako angeelewa."

Alitazama ziwa. Alimtazama Masera, na Masera akatazama rozari yake. Shingo ya kijana yule ilikuwa imevimba kwa aibu, na Mungu anisamehe, sikumhurumia hata kidogo.

"Haikuwa dawa," alisema mwishowe, chini chini. "Ilikuwa amabyi. Mavi ya hospitali. Kreolini ni ya kufukuza harufu tu."

Mwanamke mmoja alikwenda kando akatapika. Nyirabahire alifungua fundo la kitenge, akatoa ile chupa, akaimwaga juu ya mwamba mpaka ikaisha, akaikung'uta mara mbili.

"Na ile siku ya vikapu," alimuuliza Damascène, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya kuvuka ghuba, "mulisema ni sisi. Ni samaki yetu. Ile nayo utairudisha?"

Damascène alivaa kofia vizuri zaidi. Akapanda.

Nyirabahire alinigeukia. "Uko na maji ya moto?"

"Pipa nzima. Sijafua siku mbili."

Tulipanda pamoja. Nilimchotea maji yaliyochemka, tukayapoza kwenye bakuli safi, naye akamnywesha mjukuu wake kijiko kwa kijiko tangu asubuhi ile mpaka Jumapili, bila kumwachia mtu kijiko. Mukashyaka alitoka hospitalini wiki ya Pentekoste, miguu kama vijiti, lakini kwa miguu yake.

Damascène alihamishwa, na karatasi yake ndani ya fremu. Kitabu cha ripoti kilibaki mezani kwa karani. Nilikisoma siku moja nilipokuwa nafuta vumbi, madarasa yangu manne yanatosha kwa hilo. Kwenye ugonjwa wa Aprili waliandika: wauza samaki, kukosa usafi. Nilimwonyesha Masera mstari ule kwa kidole. Nimemwonyesha tena kila Ijumaa ya kwanza, nikitoka kupima shimo, na nitamwonyesha hata Ijumaa ijayo.